Kadi Arobaini za Corrie

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu alasiri, Corrie Tackett alishuka kwenye basi la njano mbele ya shule ya ufundi ya kaunti na kwenda moja kwa moja karakanani. Alikuwa na miaka kumi na tatu, bado yuko shule ya kati, na kwa kawaida watoto wa umri wake hawakuruhusiwa kuingia humo. Lakini mwenye karakana alikuwa mama yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Mwalimu Lorna Tackett alifundisha ufundi wa magari. Kabla ya kuwa mwalimu alitengeneza malori ya makaa ya mawe kwa miaka kumi na mitano kwenye milima ile ya Kentucky, Marekani. Watu wa Harlow Fork, mji wao mdogo, waliapa kwamba angeweza kusimama kando ya barabara, akasikia gari likipita, akasema ni silinda ipi inayosumbua. Corrie aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akafanya hesabu zake, huku akimsikiliza mama yake akiwagombeza vijana waliomzidi urefu.

"Brody, hiyo spana si nyundo. Ukitaka nyundo ipo pale, na ina jina lake."

"Samahani, Mwalimu."

"Usiniombe mimi samahani. Iombe spana."

Darasa zima lilicheka. Lakini mwaka ule vicheko havikudumu, kwa sababu ya barua iliyokuwa ukutani kando ya sinki. Mama aliibandika mwenyewe, ili kila anayenawa mikono aisome na akasirike pamoja naye. Barua, iliyotoka idara ya elimu, ilisema kwamba kila mwalimu wa magari lazima awe na cheti cha magari ya umeme, kile kinachotolewa na wenye viwanda wenyewe, kabla ya siku ya mwisho ya mwezi wa Mei. Asiyekuwa nacho, darasa lake litafungwa, na wanafunzi wake watahamishiwa shule ya kaunti jirani, mwendo wa saa nzima kwa basi.

Mama alikuwa ameshaufanya mtihani huo mara moja, mwezi wa Februari. Alama za kufaulu ni sabini. Yeye alipata sitini na sita.

Tangu hapo kila Jumamosi alikwenda chuoni kufundishwa na Bwana Nolan Fisk, kijana wa miaka ishirini na sita, shati limenyooka, viatu havijawahi kuonja tone la oili. Mama alirudi nyumbani amefura.

"Ananifundisha gari lililo ndani ya kioo cha kompyuta," alisema. "Naigusa picha ya boliti kwa kidole, boliti inafunguka yenyewe. Hebu nionyesheni gari la kweli lenye adabu kama hiyo."

Nyumbani kwao kulikuwa na desturi moja. Mama hakuwa mtu wa kujifunza kwa macho. Ukimpa ukurasa mzima alisinzia, lakini alichokisikia hakikumtoka. Basi Corrie alisoma kile kitabu kinene cha mafunzo na kuandika kadi, swali upande huu na jibu upande ule. Kila jioni, mama akipika maharage na mkate wa mahindi, Corrie alikaa kwenye meza ya jikoni na kumuuliza.

"Taja tofauti ya mkondo geu na mkondo mnyoofu wa umeme."

"Mmoja unakwenda mbele na nyuma, mwingine unakwenda mbele tu. Na yote miwili itakurusha mpaka ukutani."

"Hivyo sivyo ilivyoandikwa."

"Ndiyo kweli yenyewe."

"Mama, kompyuta haijui kweli. Inajua kilichoandikwa."

Mama aliutupa mwiko kwenye sinki, mchuzi ukaruka hadi dirishani. "Miaka ishirini na miwili," alisema. "Miaka ishirini na miwili nimeingiza mikono hii kwenye injini, leo napimwa na mashine isiyojua hata harufu ya dizeli."

Corrie naye alikuwa na hasira. Aliikasirikia barua, akamkasirikia Bwana Fisk na viatu vyake, na zaidi ya wote, ingawa hakutaka kukiri, alimkasirikia mama yake kwa kusahau. Mama akifeli tena, hana kazi. Karakana itafungwa kwa kufuli. Corrie aliwaza hayo kila aliposhika kalamu kuandika kadi nyingine.

Wiki moja kabla ya mtihani wa pili, Brody Caudill alimfuata pale kwenye ndoo yake. Brody alikuwa na miaka kumi na sita na mikono ya fundi hasa, ila mdomo wake ulikimbia mbele ya kichwa. Alimpa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mpe Mwalimu."

"Nini hii?"

"Maswali. Binamu yangu alifanya mtihani huohuo mwezi uliopita kwenye mji mwingine. Alipotoka tu akaandika yote aliyoyakumbuka, wenzake wakaongezea ya kwao. Yapo arobaini, na majibu yake."

Corrie aliirudisha karatasi haraka. "Huo ni wizi."

"Wizi ni kumfukuza mama yako kwa alama nne," alisema Brody, na uso wake ulikuwa mwekundu. "Nikipelekwa kule kaunti jirani naacha shule, nakwambia. Mdogo wangu anashushwa na basi saa kumi na moja, nani atampokea? Wanaoandika barua kama ile wanajua habari za mdogo wangu?"

Corrie aliiangalia ile barua ukutani, akamwangalia mama yake aliyekuwa ameinama chini ya kifuniko cha injini, akaichukua karatasi.

Hakumpa mama. Alimjua vizuri mno, angeichana mbele ya darasa zima. Alifanya jambo ambalo aliliona la akili. Aliyanakili maswali yote arobaini kwenye kadi mpya, kwa kalamu ileile na mwandiko uleule, akazichanganya na zile za zamani. Karatasi ya Brody akaitumbukiza chooni na kuvuta maji.

Wiki ile mama alijibu vizuri kuliko wakati wowote. Kadi zile zilikuwa fupi, majibu yake mepesi, na Corrie alizirudia kila jioni, mara tano, mara sita.

"Umeondoa plagi ya usalama ya betri kubwa. Utajuaje kwamba ni salama kugusa nyaya za rangi ya chungwa zenye umeme mkali?"

"Mita ikisoma sifuri, ni salama."

"Sawasawa."

"Naona kichwa kimeanza kufunguka," alisema mama, akamshika Corrie kidevu. "Tena ni kazi yako, mwanangu. Sijui ningefanya nini bila wewe."

Corrie aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Alijiambia kwamba ni joto la jiko.

Jumamosi ya mtihani walifika chuoni mapema. Mama alisaini karatasi mlangoni, akaingia kwenye chumba cha kompyuta. Corrie alikaa kwenye benchi la ukumbini na kitabu ambacho hakukisoma. Mtihani ulikuwa wa saa mbili. Hazikupita dakika ishirini, mlango ukafunguliwa, mama akatoka.

Corrie alisimama. "Umemaliza mara hii?"

Mama alikaa benchini, mikono magotini. Corrie alikuwa ameziona hasira zake nyingi, za kelele na za kutupa vitu. Hii ilikuwa ya kimya, na ilimwogopesha zaidi.

"Swali la kwanza nimelijibu jikoni kwetu," alisema mama. "Nikasema ni bahati. La pili nimelijibu jikoni kwetu. La tatu nalijua mpaka koma zake. Zile kadi mpya umezitoa wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Rudia tena, uniangalie usoni."

Corrie hakuweza kurudia. Alisema yote, kuhusu Brody na binamu yake, kuhusu ile karatasi na choo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pale mlangoni nimesaini kwamba sijapata kuyaona maswali haya," alisema. "Nimesaini kwa jina langu. Umenifanya mwongo bila hata kuniuliza."

"Nilitaka kukusaidia, Mama."

"Umenidharau. Ulikaa ukaamua kwamba mama yako hawezi."

Maneno hayo yalimchoma Corrie kuliko kofi. Na kwa kuwa yalikuwa ya kweli, naye alipandwa na hasira.

"Mbona huwezi kweli? Ulifeli! Unajibu unavyotaka wewe, unawacheka wanaokufundisha, halafu sote tukose. Rudi ndani umalize. Hakuna anayejua."

"Wewe unajua. Mimi najua. Kadi arobaini, Corrie, na kila moja kwa mwandiko wako."

"Kwa hiyo darasa lifungwe? Brody na wenzake waende wapi?"

Mama alisimama, akalirekebisha shati lake, akarudi ndani. Kupitia kioo cha mlango Corrie alimwona akimwinamia mwanamke mmoja mzee mwenye miwani, msimamizi wa mtihani. Yule mzee aliivua miwani yake. Kisha akaenda kwenye kompyuta ya mama, akaizima.

Walimwandikisha maelezo, ukurasa mzima. Wakamwambia anaweza kufungiwa mwaka mmoja, au, kwa kuwa amejitokeza mwenyewe, anaweza kupewa karatasi nyingine yenye maswali mengine. Jibu angelipata baada ya wiki moja. Walirudi nyumbani redio imezimwa.

Jumatatu alasiri mama alimsimamisha Corrie mbele ya wanafunzi kumi na wanane wa karakana.

"Sema ulichofanya," alimwambia. "Sema la kwako tu. Mwenye la kwake ana mdomo wake."

Corrie alisema, macho yake kwenye doa la oili sakafuni. Alipomaliza, spana ilitua juu ya meza kwa kishindo. Ilikuwa ya Brody.

"Karatasi ilikuwa yangu," alisema. "Lakini Mwalimu, ungenyamaza tu. Ungebofya, ukafaulu, sisi tukapona. Sasa umetuuza sote kwa ajili ya saini."

Wengine walinung'unika kwamba Brody ana haki. Msichana mmoja, Tessie, alianza kulia kwa uchungu. Mama alisema tu kwamba kazi ya siku hiyo ni breki, na kila mtu avae miwani yake.

Siku iliyofuata mgeni alikuja. Ni Bwana Fisk, na safari hii alivaa bwelasuti ya fundi. Karakana ilikuwa na gari moja la umeme lililotolewa msaada na mwenye duka la magari, na kwa miezi minane lilikaa kwenye kona limefunikwa turubai, maana hapakuwa na mwalimu mwenye ruhusa ya kulifungua.

"Nimesikia ulichofanya Jumamosi, Mwalimu," alisema. "Sijui kama mimi ningeweza. Nimekuja kukufundisha bila kioo, ukikubali."

"Umechelewa miezi mitatu, bwana mdogo," alijibu mama.

"Nimechelewa. Na wewe hukuniuliza swali hata moja kwa miezi mitatu. Ulikuja kunidharau tu."

Corrie alidhani mama atamtimua. Lakini mama akaenda mwenyewe kuvuta turubai.

Wanafunzi walisimama nyuma ya mstari wa njano, na Corrie pamoja nao. Mama alivaa glavu nene za mpira. Akaondoa plagi ya usalama, akaifungia kwenye kisanduku, ufunguo akautia mfukoni. Akasubiri dakika kumi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari lile. Bwana Fisk akamkabidhi mita. Mama akazigusisha ncha zake mbili kwenye nyaya za chungwa, akasoma.

"Sifuri," alisema. "Ni salama." Akavua glavu ya mkono wa kulia.

"Simama hapo hapo," alisema Bwana Fisk. "Una uhakika gani?"

"Mita imesoma sifuri."

"Nipe."

Aliichukua ile mita, akaenda kwenye lori lililokuwa limewashwa asubuhi hiyohiyo, akagusisha ncha kwenye betri yake. Lori lile betri yake ni nzima, kila mtu pale alijua. Mita ikasoma sifuri.

"Mita hii imekufa," alisema. "Waya wake umekatika ndani, nimeileta makusudi. Ukiigusisha hata kwenye mtambo wa umeme wa mji mzima itakuambia sifuri. Gari hili nalo nilikuja alfajiri, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, nikaikata betri yake mwenyewe kabla hamjaingia, hakuna wa kudhurika. Lakini umeme ungekuwa umebaki ndani, na ungeugusa waya ule kwa mkono mtupu, sasa hivi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Kwanza unaipima mita yenyewe kwenye betri unayoijua. Kisha unapima gari. Kisha unarudi kuipima mita tena. Hilo liko kwenye kitabu, ukurasa wa tisini na moja. Nani alikuambia sifuri inatosha?"

Mama alikuwa akiutazama mkono wake usio na glavu.

Corrie aliikumbuka kadi ile, aliukumbuka hata mstari alioupiga chini ya neno sifuri ili mama asisahau. Alikuwa amemrudisha mama yake kwenye jibu lile jioni baada ya jioni, na kila mara akamwambia sawasawa.

"Ni mimi," alisema Corrie. "Jibu lilikuwa kwenye ile karatasi. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Brody alikuwa amegeuka mweupe. "Binamu yangu," alisema. "Binamu yangu ana cheti. Yuko kazini sasa hivi, anafungua magari haya." Alitoka mbio, na wote walimsikia uani akipiga simu, akipiga tena, kisha akigomba kwa sauti ya kulia. "Weka chini vyote. Nimesema weka chini. Lile jibu si kweli, unanisikia? Nenda ukamwambie bosi wako. Usipomwambia wewe, namwambia mimi."

Tangu siku ile karakana ilibadilika. Mama hakuacha kukasirika, ila sasa hasira yake ilipata kazi ya kufanya. Bwana Fisk alikuja kila alasiri, na mama alimuuliza maswali mpaka kijana wa watu akaomba maji. Wakabishana, wakafokeana kidogo, wakafungua gari na kulifunga mara ishirini. Kwenye vioo vya mafunzo Bwana Fisk alikuwa bingwa, lakini boliti yenye kutu ilimshinda, na mama alimfundisha kuilegeza bila kuivunja. Kadi zote za zamani Corrie alizichana. Alianza upya, na mama alimtaka aandike nambari ya ukurasa wa kitabu nyuma ya kila kadi. Mama alifungua kitabu kuhakikisha, kadi kwa kadi, na Corrie alijua kwa nini hakuaminiwa. Ilimuuma, lakini hakulalamika.

Jibu lilifika. Mama alikubaliwa kufanya mtihani mwingine, wenye maswali mengine na sehemu ya vitendo, siku tatu kabla ya mwisho wa Mei.

Siku ile Corrie alikaa tena kwenye benchi lilelile la ukumbini. Saa mbili zikapita, ikapita na ya tatu. Mama alipotoka alikuwa na jasho mgongoni na karatasi mkononi.

"Themanini na moja," alisema.

Corrie aliruka kumkumbatia. Mama alimpokea, akamshika kwa nguvu, kisha akamsogeza nyuma ili amwone uso.

"Nimefurahi," alisema. "Darasa halifungwi, na Brody atabaki karibu na mdogo wake. Lakini wewe bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia muda mrefu. Nataka ujue ni kwa nini, usije ukadhani ni kwa sababu ya saini."

Walikaa benchini. Mama aliiweka karatasi ya cheti magotini pa Corrie.

"Kuna wazazi wasionijua kabisa," alisema. "Asubuhi wanamwacha mtoto wao mlangoni kwangu, wanakwenda kazini. Hawawezi kuja kunitazama nikifanya kazi. Wanachoweza kusoma ni hii karatasi tu. Inawaambia kwamba mtoto wao akinyoosha mkono kwenye zile nyaya, nyuma yake amesimama mtu anayejua. Mimi nilikuwa na kiburi, nikakataa kufundishwa na kijana, na hilo ni kosa langu, nimelikubali. Ila kujua huko hakuna mtu anayeweza kunipa kwenye kadi iliyoibwa. Unapoiba majibu hunisaidii mimi. Unamdanganya yule mzazi, na siku moja unamzika mtoto wake."

Corrie alikuwa akilia bila sauti.

"Siku ile nilikuwa nimeshavua glavu, Corrie," alisema mama. "Ule mtihani wa kadi zako ningeufaulu. Wangeniletea cheti nyumbani, mkakitundika ukutani, na mimi sipo."

Alimfuta machozi kwa mkono wa shati, akachukua karatasi yake, na wakatoka kwenda kuwaambia wanafunzi wa karakana waliokuwa wakisubiri.